Diski ya Nje Isiyotambuliwa na Karakana Isiyo na Kibao: Tathmini kutoka Kamalondo

Karakana ninayoitathmini hapa haina kibao wala tangazo. Iko ndani ya ua wa nyumba ya kawaida katika komini ya Kamalondo, mjini Lubumbashi, na anayeitafuta hufika kwa kuuliza majirani wamwonyeshe kwa Papa Fundi wa diski. Mwenyewe hatengenezi simu, hatengenezi printa, na ukimletea televisheni atakuelekeza kwingine kwa adabu. Kazi yake ni diski za nje na flashi ambazo kompyuta imekataa kuzitambua, basi. Wanaodai kuifanya kazi hiyo mjini kwetu ni wengi, lakini mtu anayetaka kujua yupi wa kuaminiwa hana haja ya kungoja mpaka mwisho wa matengenezo. Hatua za mwanzo kabisa, kabla chochote hakijaandikwa kwenye diski, zinatosha kumwonyesha.

Nina sekretariati ndogo ambako wanafunzi wa chuo kikuu huja kuchapisha tasnifu zao, na kazi za wateja tulikuwa tukizihifadhi kwenye diski ya nje ya terabaiti 1, aina ile nyembamba inayoingia mfukoni na isiyo na adapta yake ya umeme. Diski hiyo ilianza kuonekana na kupotea: taa yake inawaka, kompyuta inatoa mlio wa kukipokea kifaa kipya, kisha mlio wa kukipoteza, na ndani ya kasha inasikika tik, tik, tik, halafu kimya. Baadaye hata herufi yake ilitoweka miongoni mwa diski za kompyuta. Duka la kwanza nililoiendea, katikati ya mji, liliisikiliza kidogo tu, likaichomeka, na likaniambia kwamba dawa ni kuifomati, yaani kuipanga upya kama diski tupu. Windows yenyewe ilikuwa ikisema vivyo hivyo, kwa kuwa kila ilipofaulu kuiona diski ilileta dirisha la kueleza kwamba ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Nilibonyeza kukataa, nikaichukua diski yangu na kuondoka.

Kwa Papa Fundi, kabla ya kuichomeka diski popote, kulikuwa na mahojiano. Alitaka kujua ilichomekwa kwenye mlango upi wa kompyuta, kwa kebo ipi, kama iliwahi kuanguka, na kama umeme ulikatika wakati faili zilipokuwa zikiandikwa. Swali hilo la mwisho, kwa mtu wa Lubumbashi, linakaribia kuwa mzaha, kwa sababu delestaji, yaani mgao wa umeme, ni jambo la kila wiki na hakuna anayekumbuka umeme ulikatika akiwa anafanya nini. Hata hivyo aliyaandika majibu yangu yote katika daftari la mraba, pamoja na aina ya diski na namba iliyochapwa mgongoni mwake. Aliniomba pia kebo yangu mwenyewe, si diski peke yake. Wengi huiacha kebo nyumbani wakidhani haihusiki, na wakati mwingine kebo ndiyo ugonjwa wenyewe.

Kisha akatoa kifaa ambacho sikuwa nimewahi kukiona katika duka lolote la kompyuta hapa mjini, ingawa nimeambiwa bei yake ni ndogo: kipimo cha umeme wa USB, kidogo kuliko kiberiti, kinachochomekwa kati ya kompyuta na kebo na kuonyesha volti na ampea kwenye kioo chake. Mlango wa USB hupaswa kutoa volti 5. Tulipoichomeka diski kwa kebo yangu ndefu, namba ilianza vizuri, 5.1, lakini mara tu sahani za ndani, zile zinazobeba data, zilipojaribu kuanza kuzunguka ikaporomoka hadi 4.3, tik ikasikika, taa ikazima, namba ikarudi juu, na mzunguko ukaanza upya. Alinionyesha pia mdomo wa kebo, ile plagi bapa yenye sehemu mbili inayotumiwa na diski nyingi za USB 3.0, jinsi ulivyokuwa ukicheza ndani ya tundu lake kila alipougusa kwa kidole. Alipobadilisha kwa kebo fupi na nene ya kwake, na kuichomeka nyuma ya kompyuta ya mezani badala ya mbele, namba ilibaki karibu na 4.9, sahani zikazunguka kwa mvumo laini, na mlio wa tik ukaisha kabisa.

Mlio huo ndio unaowatisha watu kuliko yote, na ndio unaowapa mafundi wabovu nafasi ya kutoza wanachotaka. Ni kweli kwamba kichwa cha kusomea kilichoharibika hutoa mlio wa kugonga wa namna hiyo. Lakini diski yenye afya ambayo haipati umeme wa kutosha hutoa mlio unaofanana nao sana, kwa sababu inapoanza kuzunguka huhitaji umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshika mwendo, na isipoupata hujaribu, hushindwa, kisha hujaribu tena. Mlango wa USB 2.0 umewekewa kiwango cha miliampea 500, na ule wa USB 3.0, ambao mara nyingi ndani yake ni wa buluu, miliampea 900. Milango ya mbele ya kompyuta za mezani huunganishwa na bodi kuu kwa waya wa ndani, na waya huo ukiwa hafifu hula sehemu ya umeme njiani. Kigawanyaji cha milango kisicho na adapta yake hugawanya kilekile kidogo kwa vifaa vyote vilivyochomekwa. Kwa hiyo anayetamka kwamba diski imekufa kwa kuusikia mlio tu, bila kubadilisha kebo na mlango, hajapima kitu. Diski kubwa za inchi 3.5, zile zenye adapta ya volti 12, zina njia yao nyingine ya kuumwa: adapta ikichoka, taa inaweza kuendelea kuwaka huku sahani hazizunguki, na adapta nyingine yenye volti na ampea zilezile ndiyo tiba.

Umeme ulipotengemaa, diski ilionekana, lakini haikufunguka. Hapo ndipo Papa Fundi alipofungua dirisha la usimamizi wa diski, ambalo kila mwenye Windows anaweza kulifikia kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X na kuchagua Disk Management katika orodha inayotokea, na akalieleza kwa namna ambayo ningependa kila mwenye sekretariati aisikie. Diski inaweza kuwepo katika dirisha hilo ikiwa na sehemu yake nzima (eneo lililotengwa kwa faili) na mfumo wake wa faili (utaratibu wa kuzipanga), ila haina herufi, au herufi yake imechukuliwa na folda ya mtandao wa ofisi. Hilo ni jambo la kubofya, kuchagua herufi nyingine, na kurudi kazini. Inaweza kuonekana kama nafasi tupu isiyogawanywa, ikiwa jedwali la sehemu zake limepotea. Inaweza kuleta ombi la kuanzishwa upya kwa kuchagua kati ya MBR na GPT, aina mbili za jedwali hilo la sehemu, na hapo, akasema, "Mama, ukibonyeza kukubali, umeandika jedwali jipya juu ya lile la zamani, funga dirisha." Au inaweza kuonyesha ukubwa wake sahihi lakini mahali pa jina la mfumo wa faili, ambapo pangeandikwa NTFS, mfumo wa kawaida wa Windows, pameandikwa RAW, yaani mfumo hautambuliki. Yangu ilikuwa hiyo ya mwisho. Faili zilikuwemo, ila kompyuta haikuweza tena kusoma ukurasa unaoieleza zinaanzia wapi. Chanzo chake, kwa hukumu ya fundi ambayo naiona ni ya haki, kilikuwa kule kukatika-katika kwa umeme kwenye kebo wakati faili zikiandikwa. Shida ya kwanza ndiyo iliyoizaa ya pili.

Diski ikigoma kufunguka, mafundi wengi hukimbilia chkdsk, programu ya Windows ya kurekebisha makosa ya diski, kwa sababu ipo tayari na haigharimu kitu. Papa Fundi hukataa kuanza nayo, nami sasa nakubaliana naye. Programu hiyo ilibuniwa ili mfumo wa faili urudi katika hali ya kueleweka, na ili kufika huko iko tayari kukata vipande vya faili ambavyo haivielewi. Tena hufanya hivyo juu ya diski ileile ya asili, bila nakala. Kwenye diski ambayo sehemu zake zimeanza kuchoka, huilazimisha isome na kuandika kwa muda mrefu wakati ambapo kila dakika ya kuzunguka inahesabika.

Yeye hunakili kwanza. Aliiwasha ile kompyuta ya mezani kwa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, akachomeka diski yangu na diski nyingine tupu yenye ukubwa usiopungua wa kwanza, na akaendesha programu ya bure iitwayo ddrescue, inayonakili sekta (vipande vidogo vya diski) moja baada ya nyingine bila kujali kama kuna mfumo wa faili unaosomeka. Programu hiyo hufanya kama mtoto anayechuma maembe: huanza na yale anayoyafikia akiwa chini, na matawi magumu huyarudia baadaye. Sehemu nzuri za diski zinaokolewa kabla ya diski kuchoshwa na sehemu mbovu. Huweka pia ramani ya kile kilichokwisha kusomwa, ili kazi ikikatizwa iendelee pale ilipofika. Kwa mji wenye delestaji sioni programu inayofaa kuliko hiyo. Umeme ulikatika kweli nikiwa pale. Betri na inveta vilishika kwa muda, kisha fundi akaisimamisha kazi kwa utaratibu, na uliporudi akaiendeleza bila kuanza mwanzo. Msomaji ajue kwamba kunakili terabaiti nzima si kazi ya kusubiri umekaa kwenye kiti. Kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, ambayo diski isiyo na hitilafu huifikia kwenye USB 3.0, ni karibu saa 3. Kwenye USB 2.0 inakaribia saa 9 au zaidi. Na kwenye diski yenye sekta mbovu hakuna fundi mkweli atakayekuahidi saa.

Baada ya hapo diski yangu ya asili iliwekwa kando ndani ya bahasha, na kazi iliyobaki ikafanywa kwenye nakala. TestDisk, programu nyingine ya bure, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, iliikuta sehemu ya NTFS mahali pake, ikatambua kwamba sekta yake ya kuanzia imeharibika, na ikairejesha kwa kutumia nakala ambayo NTFS yenyewe huihifadhi mwishoni mwa sehemu. Folda zikarudi na majina yake. Faili chache za siku za mwisho hazikufunguka, na fundi alinionyesha orodha yake kabla sijauliza. Kama TestDisk ingeshindwa, alikuwa na PhotoRec, inayotafuta faili kwa kutambua mwanzo wa kila aina ya faili, lakini alinionya kwamba njia hiyo hurudisha maelfu ya faili zisizo na majina yake ya awali. Kwa sekretariati yenye tasnifu za wanafunzi wengi hiyo ingekuwa nusu ya msiba.

Nikisubiri niliona wateja wengine, na si wote walitozwa. Kijana anayerekodi video za harusi alileta diski iliyotumika kwenye Mac, na Windows ilikuwa ikimwomba aifomati. Diski ilikuwa nzima, ila imepangwa kwa mfumo wa faili wa Apple, ambao Windows haiusomi bila programu ya ziada. Aliambiwa airudishe kwenye Mac, anakili, kisha aifomati kwa exFAT, ambayo pande zote mbili huisoma na kuiandika, akaondoka bila kulipa. Mwingine alikuwa na flashi ya bei ya kutupa iliyoandikwa terabaiti 2. Ilikuwa ya kughushi: kompyuta huonyeshwa ukubwa wa uongo, na faili zinazozidi nafasi halisi huandikwa hewani. Hakuna programu itakayozirudisha, kwa kuwa hazikuwahi kuwemo.

Mama mmoja alileta My Passport ya Western Digital iliyovunjika tundu la USB, akitaka ihamishiwe kwenye kasha jipya kama alivyoona kwa jirani yake. Ombi hilo lina mantiki yake. Katika diski nyingi za nje, ndani ya kasha mna diski ya kawaida ya SATA, yenye plagi kama ya diski za ndani ya kompyuta, na bodi ndogo inayoigeuza kuwa USB; bodi hiyo ikifa, unatoa diski, unaiweka kwenye kasha jingine la bei nafuu, na faili zako zipo. Lakini aina nyingi za My Passport zina tundu la USB lililounganishwa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, hazina plagi ya SATA, na aghalabu data yake husimbwa (hufungwa kwa msimbo wa siri) na bodi hiyohiyo. Kinachowezekana ni kulehemu tundu jipya juu ya bodi yake mwenyewe. Papa Fundi alimweleza hayo kwa subira, akamwonyesha bodi chini ya kioo cha kukuzia, na akakubali kulehemu bila kuahidi matokeo.

Asichokifanya ni kufungua chumba chenye sahani, na hilo nalihesabu kuwa sifa. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe moja ya lile vumbi jekundu linalotuingilia majumbani wakati wa kiangazi inatosha kuikwangua sahani na kuimaliza. Kazi hiyo hudai chumba kilichochujwa hewa na vichwa vya akiba vya diski ya aina ileile. Yeyote anayeifungua diski yako juu ya meza ya soko, mbele ya macho yako, ili akuonyeshe tatizo, ameshaliongeza.

Kuhusu malipo, uchunguzi ni dola 5, nazo hukatwa kwenye gharama ukikubali kazi iendelee. Urejeshaji wa diski yangu ulinigharimu dola 40, mbali na diski mpya ya kupokelea nakala, ambayo mteja huinunua mwenyewe. Unaweza kulipa kwa faranga, kwa kiwango cha siku hiyo. Si pesa kidogo kwa mwanafunzi, lakini duka lililotaka kufomati lingenitoza pia, na lingenirudishia diski tupu.

Kasoro zipo. Hatoi risiti. Daftari lake la mraba lina kila kitu, ila mteja anaondoka mikono mitupu, akiwa ameacha kifaa chenye siri za watu. Nilimwomba aniandikie karatasi yenye namba ya diski na tarehe, akaiandika bila kinyongo, lakini haikupasa kuombwa. Nilimuuliza pia nakala anayobaki nayo inakwenda wapi. Alijibu kwamba huihifadhi kwa wiki moja, ili mteja ahakikishe faili zake nyumbani, kisha huifuta mteja akiwepo akitaka. Ni jibu zuri, ambalo lingekuwa bora zaidi likiandikwa na kubandikwa ukutani. Kungoja nako ni kurefu, kwa kuwa anafanya kazi peke yake, na simu huipokea anapojisikia. Anayehitaji faili zake kesho asubuhi kwa ajili ya utetezi wa tasnifu hatapata faraja hapa.

Wengi wanaopanga foleni katika ua ule wangeweza kujisaidia nyumbani kwanza, na yeye mwenyewe hulisema hilo bila kuogopa kupoteza wateja. Badilisha kebo kwa fupi. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kigawanyaji, na kwa kompyuta ya mezani tumia mlango wa nyuma. Jaribu kompyuta nyingine. Kwenye mpakato, chomeka chaja. Angalia katika usimamizi wa diski kama kinachokosekana ni herufi tu. Katika usimamizi wa vifaa, ondoa jina la diski, ichomoe, washa upya kompyuta na uichomeke tena, kwa sababu wakati mwingine dereva, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, ndiyo iliyokwama. Kama diski hupotea baada ya kukaa bila kutumika, zima mpangilio unaoiruhusu Windows kuilaza milango ya USB ili kuokoa umeme. Ukisikia mlio wa kukwaruza, au tik inayoendelea hata kwa kebo nzuri, chomoa na usiiwashe tena kwa kujaribu bahati. Na ukiamua kwenda Kamalondo, nenda asubuhi, ukiwa na kebo yako, adapta kama ipo, diski tupu isiyo ndogo kuliko ile mbovu, na karatasi yako mwenyewe ya kuandikiwa risiti.